TAMKO LA WAVUVI NA WACHUUZI WA SAMAKI WA KISIWA CHA RUKUBA KUHUSU MATUMIZI YA ALAMA ZA VIDOLE

Sisi wavuvi, wachuuzi na waanika dagaa wa Kisiwa cha Rukuba, Kata ya Etaro, mkoani Mara, kupitia chama chetu, tunatoa tamko hili kwa umma.

Tangu Mei 2019 laini za simu nchini husajiliwa kwa alama za vidole zinazohakikiwa kwa kumbukumbu za Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa (NIDA). Tuliitikia, tukatoa vidole kwa ajili ya laini zetu tu. Kisiwani simu ndiyo benki. Anayesajili laini nyingine kwa kidole cha mvuvi humpa tapeli jina safi, na polisi wakifuatilia, mlango wa kwanza kugongwa ni wa mvuvi.

Hila yenyewe inajulikana: wakala wa usajili husema, "Mashine haijasoma, weka tena," kumbe kidole cha pili kinasajili laini nyingine. Kwetu hunasa kirahisi, maana vidole vilivyochubuliwa na kamba na nyavu husomeka kwa taabu kweli. Namba ya siri ikivuja hubadilishwa; kidole hakibadilishiki.

Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa zikusanywe kwa kusudi lililo bayana, zisitumike kinyume nalo. Kwa jirani zetu Kenya, Mei 2025, Mahakama Kuu iliuamuru mradi wa sarafu ya kidijitali wa Worldcoin ufute taarifa za kibayometria za wananchi, zikiwamo picha za mboni za macho.

Kwa hiyo tunataka:

1. Wakala amwoneshe mteja namba inayosajiliwa kila anapomtaka aweke kidole.

2. Kampuni za simu ziwajibike kwa makosa ya mawakala wao, na zifunge mara moja laini ambayo mwenye kitambulisho ameikana.

3. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ifike visiwani na ipokee malalamiko ya mdomo.

4. Yeyote anayeleta mashine ya vidole kisiwani, awe wa mkopo au wa mradi, aueleze mkutano wa kijiji alama ni za kazi gani, zitatunzwa wapi na zitafutwa lini. Asiyeeleza asipewe kidole.

Kila mwanachama apige *106# akague laini zilizosajiliwa kwa jina lake. Asiyejua kusoma asaidiwe na viongozi wa chama.

Tunaunga mkono usajili, kwa kuwa unawabana matapeli. Lakini kidole kilichotolewa kwa kazi moja kifanye kazi hiyo moja.

Limetolewa na Kamati ya Uongozi ya Chama,
Rukuba, Musoma.