Tunalipia Mti, Ngozi Ndiyo Iliayo

Umezuka mtindo miongoni mwa makanisa, shule na bendi zetu wa kuuliza, kabla ya neno jingine lolote, seti ya ngoma za kisasa imeundwa kwa mti gani. Muuzaji naye hana haya. Hii ni mepo, atasema, ule mti wa Marekani ya Kaskazini ambao jani lake limetiwa katika bendera ya Kanada. Ile ni bachi, mti wa nchi za baridi. Hiyo ya pembeni ni popla, ya wanaoanza. Kila jina lina bei yake, na tofauti baina ya bei na bei si ndogo. Nashikilia kwamba swali hilo limekalishwa kiti cha mbele kisicho chake, na kwamba wanaoumia ni waumini na wazazi wanaochangishwa kwa harambee.

Mimi si mpiga ngoma. Riziki yangu naipata kwa kuyachunguza maneno, na ni maneno yaliyonishtua kwanza. Katika matangazo ya watengenezaji, mepo husifiwa kuwa na sauti yenye joto na iliyo sawia, bachi kuwa na sauti kali yenye kupenya, mahogani kuwa na sauti nene ya chini. Joto, nijuavyo mimi, ni sifa ya uji. Hebu tuyapime madai hayo kwa mizani. Mepo ngumu, ikisha kukauka, ina uzito wa karibu kilo 700 kwa kila mita moja ya ujazo. Bachi ya manjano haiko mbali na kilo hizo hizo, na hata kwa ukakamavu miti hiyo miwili si wageni. Ilhali lugha ya biashara imeitenga kama usiku na mchana.

Sauti ya ngoma hutoka wapi basi? Huanzia kwenye ngozi iliyowambwa, ambayo tangu miaka ya 1950 aghalabu si ngozi tena bali ni plastiki. Kampuni ya Remo iliyoanzishwa mwaka 1957 ilikuwa miongoni mwa walioieneza. Kimo cha sauti huamuliwa na upana wa ngozi hiyo, uzito wake na jinsi ilivyokazwa. Hewa iliyofungiwa ndani, pamoja na ngozi ya upande wa pili, huongeza yao. Mzinga wenyewe (neno zuri hili, lililokwisha kuubeba mzinga wa nyuki na mzinga wa vita, na mwili wa ngoma haulielemei) hutetemeka pia, lakini kwa kiasi kidogo mno ukilinganishwa na ngozi. Wahenga walipotuonya kwamba ngoma ikilia sana hupasuka, hawakuwa wakiufikiria mti.

Naomba nieleweke. Sisemi kwamba mti hauna kazi. Mzinga mnene na mzito hauinyang'anyi ngozi nguvu nyingi, hivyo sauti hutoka kwa kishindo na kudumu. Mzinga mwembamba hula sehemu ya nguvu hiyo na kuongeza mngurumo wake wa chini. Ukingo ambapo ngozi hukalia mzinga una neno kubwa zaidi. Ukichongwa ukawa mkali, ngozi huugusa kidogo tu na sauti hung'aa; ukiviringwa, sauti huwa fupi na nzito. Lakini tazama, msomaji: unene ni kazi ya kiwanda na ukingo ni kazi ya fundi. Mepo ile ile huweza kuwa nyembamba au nene, yenye ukingo mkali au uliolegea, na jina la mti likabaki lile lile kwenye karatasi ya bei. Mizinga ya siku hizi, isitoshe, aghalabu si gogo lililochimbwa. Ni tabaka nyembamba za mbao zilizopindwa na kugandishwa kwa gundi.

Anayebisha na atazame historia ya wapigaji wenyewe. John Bonham wa kundi la Led Zeppelin, ambaye wengi wanamhesabu kuwa kielelezo cha mngurumo wa ngoma, alikuwa akipiga katika miaka ya 1970 seti ya Ludwig ambayo mizinga yake ilikuwa ya plastiki angavu, rangi ya kaharabu. Ngoma yake ndogo ya nyuzi ilikuwa ya aluminiamu. Mti uko wapi hapo? Mbele yake kuna Ringo Starr wa Beatles, aliyeanza kutumia Ludwig mwaka 1963. Mizinga ya Ludwig ya wakati huo ilikuwa na popla katikati, mti ule ule ambao leo hii huonyeshwa kwa kidole kuwa wa wanaoanza.

Katika kamati moja ya kununua ala niliyowahi kuketi, tuliletewa karatasi ya bei ambayo safu yake ya kwanza ilikuwa jina la mti. Ngozi hazikutajwa popote. Pembeni mwa ukumbi ilikuwapo seti kuukuu ya popla iliyokuwa ikingoja kutupwa, na kijana mmoja mpigaji akaomba saa moja nayo. Alivua ngozi zilizobonyea, akawamba mpya, akazikaza skrubu kidogo kidogo, moja kisha ile inayoielekea, hata kila upande wa ngozi ukatoa sauti moja. Alipoipiga, wajumbe waliacha kunong'ona. Kamati ilinunua mepo vivyo hivyo. Ngozi zilizokuja nayo hazijabadilishwa tangu siku ile, na sasa zinalia kama debe.

Ajabu ni kwamba lugha yetu haikuwahi kuingia katika kosa hili. Msondo ni ngoma ndefu. Kumbwaya ni ile isimamayo kwa miguu. Chapuo ni ndogo, na jina lake lina undugu na kuchapua, yaani kutia wepesi. Vumi ni jina lisilohitaji kamusi kwa anayejua kuvuma. Umbo, kazi na sauti ndivyo vilivyopewa majina, mti haukutajwa. Si kwamba wachongaji hawakuchagua miti. Mringaringa hupendwa kwa ngoma katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, nayo sababu ni ya kifundi: huchongeka kwa urahisi na huhimili miaka. Baada ya hapo mpigaji alihangaika na ngozi, akaipasha moto ikaze, akaipiga, akaipasha tena. Hakuna aliyemwambia kwamba ngoma yake ina joto la mringaringa.

Liko jambo jingine linalolifanya suala hili kuwa zito kuliko mifuko yetu. Miongoni mwa miti iliyosifiwa katika ngoma za bei ya juu ni bubinga, mti wa misitu ya Gaboni, Kameruni na jirani zao. Ni mzito kupita mepo. Mita moja ya ujazo huweza kuvuka kilo 800. Wajapani waliounda ngoma kwa mti huo waliusifu mno, na wateja wakaufuata. Biashara ya samani huko Asia iliuandama zaidi, hata mwaka 2017 mkataba wa kimataifa wa CITES ukaanza kuidhibiti biashara ya aina tatu za mti huo. Mwaka 2019 makontena zaidi ya 350 ya mbao hizo, ambazo Wagaboni huziita kevazingo, yalitoweka bandarini Owendo yakiwa yamekwisha kukamatwa, na kashfa hiyo ikawang'oa makamu wa rais na waziri wa misitu. Mwaka huo huo mkataba uliziondolea vikwazo ala za muziki zilizokwisha kuundwa. Gogo lina masharti, ngoma hupita.

Sina ugomvi na wapigaji kwa ahueni hiyo, kwani mbao zinazoingia katika ngoma ni chache mno zikilinganishwa na zile za meza na vitanda. Lakini kwa mti unaongoja miaka mingi kufikia unene wa kupasuliwa, nataka kuonyeshwa tofauti hiyo kwa masikio yangu: ngoma mbili za upana mmoja na unene mmoja, ukingo mmoja, ngozi za aina moja zilizokazwa sawasawa, na mpigaji akiwa nyuma ya pazia. Muuzaji aliye tayari kwa jaribio hilo nitakwenda kumsikiliza.