Shofere mpya, usimkimbilie tajiri wa kwanza

Juma lililopita kijana mmoja alikuja redioni kutuomba tangazo la shukrani. Alikuwa na permi mpya ya gari kubwa mkononi. Jamaa yake walikimbia vita upande wa Mitwaba, wakafika hapa Kakanda na mabegi mawili tu. Alitaka tumtangazie kwamba Mungu amemjibu, amepata lori.

Nikamwuliza: tajiri wako amekupa karatasi gani? Akasema: «Hakuna karatasi, yaya. Tumekubaliana kwa mdomo. Ananilipa kwa safari.» Kisha akaniambia kulikuwa na tajiri mwingine. Huyo anatoa mshahara wa mwezi, mdogo kidogo, ila anataka kijana akae kwanza miezi kando ya shofere wa zamani. Yeye aliona hiyo ni kurudishwa nyuma, maana amekwisha kuwa konvoyeri miaka 3.

Ndugu msikilizaji, mimi naona kijana huyu anakosea, na si yeye peke yake.

Kulipwa kwa safari kunapendeza masikioni. Lakini ukilala njiani, ni franga zako zinalala. Lori likikwama siku 4 kwenye foleni ya Kasumbalesa, wewe ndiye unayekosa. Kwa hiyo utaendesha usiku, utaendesha na usingizi, utaondoka na breki ambazo wewe mwenyewe unazitilia shaka. Tajiri hana haja ya kukusukuma. Njaa yako inatosha.

Barabara yetu tunaijua. Mwezi wa Februari 2019, pale Kabwe, kwenye njia ya Lubumbashi kwenda Kolwezi, lori la asidi liligongana na gari la abiria. Watu karibu 20 walikufa, wengine waliungua vibaya. Sisemi kosa lilikuwa la nani. Nasema mizigo inayopita mbele ya milango yetu ni asidi, shaba na kobalti, si viazi. Shofere anayeibeba lazima awe na ruhusa ya kusema: leo gari hili haliondoki.

Hilo ndilo jambo la kwanza la kumpima tajiri. Mwulize: nikikuta breki mbovu asubuhi, nani anaamua? Gari likiharibika porini, nani analipa fundi na chakula changu? Mzigo ukiibiwa, na wezi wa shaba njiani si wachache, utanisimamia polisi au utanitupa niwe mshukiwa wa kwanza? Tajiri mzuri atajibu bila kukasirika. Anayekwambia «vijana wengi wanasubiri nafasi hii» amekwisha kukujibu.

Jambo la pili ni karatasi. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inaweka saa 45 kwa juma na 9 kwa siku kama kanuni ya jumla. Majaribio ya mfanyakazi mwenye ufundi hayapiti miezi 6. Kontra isipoandikwa, sheria inaihesabu kuwa kontra isiyo na mwisho, mpaka ithibitishwe vingine. Kwa hiyo hata wewe wa mdomo una haki, lakini utaitetea vipi mbele ya mkaguzi wa kazi bila ushahidi? Uliza pia kama utaandikishwa CNSS. Siku ukivunjika mguu, ndipo utakapojua uzito wa swali hilo.

Jambo la tatu: waulize mashofere waliotoka kwake. Nenda kwenye maegesho, nunua chai, sikiliza. Dakika 30 pale zitakufundisha kuliko ahadi zote za ofisini.

Mama wa kijana alinijibu kwamba watoto hawali kontra. Ni kweli, sipingi. Wenyeji wana mjomba au shemeji wa kuwashika mkono. Aliyekimbia vita hana, na matajiri wabaya wanajua hivyo. Ndiyo maana naomba mashofere wazee wa hapa na viongozi wa makanisa: msiwaache watoto hawa waende peke yao kusaini. Mtu mmoja mzima akikaa kando, tajiri hubadilisha sauti.

Na kwako kijana: miezi kando ya mzee si kurudishwa nyuma. Konvoyeri anaangalia barabara, lakini hajawahi kushika usukani na tani 30 nyuma yake kwenye mteremko. Tajiri wa kwanza ndiye anayekupa mazoea. Akikuzoeza kunyamaza, utanyamaza miaka yote.

Tangazo lako bado liko mezani kwangu. Leta kontra iliyosainiwa, tutalisoma asubuhi na jioni, bila malipo.