Namba ya Siri ya Mama Mkwe



Wiki hii naanza na kosa langu mwenyewe. Mwalimu anapenda kusahihisha madaftari ya wengine. Leo nasahihisha langu.

Bwana yangu anafanya kazi Kisangani. Kila mwezi anamtumia mama yake pesa kidogo kwa simu. Mama mkwe anakaa nasi hapa Yahuma. Macho yake yamepungua, vidole vinatetemeka, na hakupata kusoma shule. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza mimi ndiye niliyeshika kila kitu: niliandikisha akaunti yake, nikachagua namba ya siri, nikaenda kwenye kabine kutoa pesa, nikamletea mkononi. Sikumwibia hata franka moja. Majirani walinisifu: “Mwalimu anamtunza mkwe wake vizuri.” Nami nilikubali sifa hizo.

Mwaka uliopita nilisafiri kwenda Kisangani kufuata karatasi zangu za kazi. Njia mnaijua: pikipiki mpaka mtoni, kisha mashua. Wakati wa kurudi nilikaa siku tatu juu ya maji, simu haina mtandao. Katika siku hizo tatu mama mkwe alishikwa na homa kali. Bwana yangu alipopata habari alimtumia franka 40.000 palepale. Simu ikalia, ujumbe ukaingia, mjukuu akausoma: pesa zimefika. Lakini namba ya siri ilikuwa kichwani mwangu, na kichwa changu kilikuwa katikati ya mto.

Mama mkwe aliuza kuku wake wawili kwa bei ya hasara ili kununua dawa. Nilipofika nyumbani homa ilikuwa imeshuka. Hakunigombeza. Aliniambia neno moja tu: “Mwanangu, nilikuwa na pesa, lakini hazikuwa zangu.”

Nimelibeba neno hilo mpaka leo.

Wamama, tunasema tunasaidia wazee na wenye ulemavu, na ni kweli. Lakini kuna msaada wa namna mbili. Wa kwanza unamfanyia mtu kazi yake. Wa pili unamwezesha aifanye mwenyewe. Wa kwanza ni wa haraka, ndiyo maana tunaupenda. Tuna mashamba, tuna maji ya kuteka, tuna sombe ya kutwanga. Nani ana saa nzima ya kukaa na mzee akitafuta kibonye? Tunachukua simu mkononi mwake, tunabonyeza, tumemaliza. Lakini siku sisi hatupo, yeye anabaki kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe.

Tulifanya vilevile mbele ya mashini ya kupigia kura. Tarehe 30 Desemba 2018, na tena tarehe 20 Desemba 2023, wazee wengi wa nchi yetu waliwekwa mbele ya kioo cha kugusa, kitu ambacho hawajapata kukigusa maishani. Sheria ya uchaguzi inamruhusu mtu asiyeweza kupiga kura peke yake asaidiwe na mtu anayemchagua yeye mwenyewe. Hilo ni jema. Lakini tujiulize bila hasira: ni wangapi kati yetu waliogusa kioo kabla mzee hajamaliza kusema anamtaka nani?

Najua jibu ambalo baadhi yenu mnaliandaa: “Mwalimu, mzee hawezi tena kujifunza mambo haya ya sasa.” Nami nilisema hivyo. Kisha nikakumbuka lokole.

Kabla ya simu, watu wa mtoni kwetu walikuwa na lokole. Ni gogo lililochimbwa ndani, lenye midomo miwili: mmoja unatoa sauti ya juu, mwingine sauti ya chini. Kwa sauti hizo mbili tu, Walokele na jirani zao walipeleka habari za kifo, za kuzaliwa na za mikutano toka kijiji mpaka kijiji. Mmisionari mmoja Mwingereza, John Carrington, aliyefanya kazi Yakusu karibu na Kisangani, alijifunza kuipiga, na mwaka 1949 alitoa kitabu juu yake. Alieleza kwamba maneno mengi yanafanana sauti, kwa hiyo mpigaji hapigi neno moja peke yake. Anapiga maneno marefu yaliyozoeleka, ili msikilizaji asikosee. Sasa niambieni: mtu aliyekua akisikia habari katika sauti mbili za gogo, akajua ni nani aliyekufa na msiba uko wapi, atashindwa na vibonye kumi na viwili? Wazee wetu hawakosi akili. Wanakosa mtu wa kukaa nao.

Basi nikakaa. Ninawaeleza jinsi tulivyofanya, ili kikundi kinachotaka kijaribu.

Siku ya kwanza sikuleta simu. Nilichukua kibao cha kuandikia cha mtoto, nikapanga juu yake punje kumi na moja za mahindi na haragi moja: safu nne, kila safu vitu vitatu. Haragi niliiweka katikati ya safu ya pili. Mama mkwe akafumba macho, akapapasa mpaka akaipata. “Hiyo ni 5,” nikamwambia. “Juu yake ni 2, chini yake ni 8. Kushoto ni 4, kulia ni 6. Chini ya 8 kuna 0.” Tulicheza hivyo jioni tatu. Wajukuu nao walifumba macho wakashindana naye, na walishindwa wao.

Siku ya nne nilileta simu yake ya vibonye. Shikeni simu zenu sasa hivi mguse kibonye cha 5: nyingi zina kidonda kidogo kilichoinuka. Kimewekwa pale kwa ajili ya kidole kisichosaidiwa na jicho. Mimi nimetumia simu miaka mingi bila kujua kazi yake. Mama mkwe alikigusa, akacheka: “Haragi yangu iko hapa!”

Baadaye tukajifunza kupiga simu. Simu nyingi za vibonye zinakubali kuwekewa namba ya mtu kwenye kibonye kimoja. Ukikibonyeza kwa muda, inamwita. Kwenye 2 tuliweka mtoto wake, kwenye 3 mimi, kwenye 4 jirani anayekaa karibu na kituo cha afya. Kwa mikono inayotetemeka tuligundua jambo dogo: simu ilazwe mezani juu ya kitambaa, isishikwe hewani. Mkono mmoja unaizuia, kidole cha mkono mwingine kinatafuta.

Mwisho ndipo tukafika kwenye namba ya siri. Nilimfundisha jinsi ya kuibadilisha, kisha nikageuka nikatazama ukuta. Nilimwambia asichague mwaka wa kuzaliwa mtoto, wala namba zinazofuatana. Mtu asiyesoma anaweza kuikumbuka kama njia: kutoka kwenye haragi napanda, naenda kulia, nashuka. Kila mtu atengeneze njia yake, asimwonyeshe mwingine. Tulikwenda pole pole, kwa sababu akaunti inaweza kufungwa ukikosea mara kadhaa.

Kwa ndugu zetu wasioona kabisa wenye simu za kioo, kuna msaada ambao wengi hawaujui. Ndani ya simu nyingi za Android kuna programu inayoitwa TalkBack. Fungueni mipangilio ya simu, mtafute mahali palipoandikwa “Accessibilité”. Ukiiwasha, simu inasema kwa sauti kila kitu kidole kinachogusa. Jihadharini: ikishawashwa, namna ya kugusa inabadilika, mguso mmoja unasoma na miguso miwili ya haraka ndiyo inafungua. Jifunzeni kwanza ninyi, kisha mumfundishe mwenye simu. Na namba ya siri aiandike akiwa peke yake au na vifaa vya masikioni, simu isiitangaze sokoni. Kwa asiyesikia, washeni mtetemo, mmwandikie ujumbe mfupi badala ya kumpigia. Kama anatumia lugha ya ishara na mtandao unaruhusu, simu ya video inamfaa kuliko sauti.

Msidhani haya ni ya miji mikubwa na watu weupe tu. Wenzetu wa Kenya, ambako pesa ya simu ya M-Pesa ilianza mwaka 2007, wana shule ya watoto wasioona mjini Thika. Shirika la inABLE, lililoanzishwa mwaka 2009 na mama mmoja Mkenya, Irene Mbari-Kirika, liliweka pale kompyuta zinazosoma kwa sauti. Watoto ambao watu walidhani hawataweza kamwe kutumia mashini walijifunza kuandika na kutafuta habari wenyewe. Mambo hayo yalianza na mwanamke mmoja aliyekataa kuamini kwamba haiwezekani.

Kwetu pia sheria ipo. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 49, inasema wazee na wenye ulemavu wana haki ya kulindwa kwa namna inayolingana na mahitaji yao. Na tangu tarehe 3 Mei 2022 tuna sheria nzima ya kulinda na kuendeleza haki za watu wenye ulemavu. Ni vizuri tuijue, na tuitaje tunapokwenda mbele ya wakubwa. Lakini sheria haitakuja kukaa mkekani na mama mkwe kumwonyesha kibonye cha 5. Kazi hiyo ni yetu.

Sasa nizungumze na wale ambao hali yao ni ngumu zaidi. Kuna wazee ambao kumbukumbu yao imepotea. Leo anajua namba, kesho hajui hata jina la mwanawe. Huyo tusimtese kwa masomo. Lakini hapo pia mtu mmoja asishike kila kitu gizani, kama nilivyofanya mimi. Familia ikae, ichague watu wawili. Wawe na daftari moja linalobaki nyumbani kwa mzee: tarehe, pesa zilizoingia, pesa zilizotoka, kitu kilichonunuliwa. Kila mtu wa familia aweze kulifungua. Daftari hilo linamlinda mzee, na linamlinda pia yule anayesaidia. Mara ngapi tumesikia mkwe mwema akiitwa mwizi kwa sababu hakuandika?

Na kwa wale wenye kabine: mtu asiyeona akija kwenu, hesabuni pesa kwa sauti, noti moja moja, mkimwekea mkononi. Msimwombe namba yake ya siri ili “kumsaidia”. Mpeni simu, mgeuze uso. Adabu hiyo haina gharama.

Ninaomba kila kikundi kifanye jambo moja mwezi huu. Chagueni mzee mmoja au mtu mmoja mwenye ulemavu katika mtaa wenu ambaye simu yake inashikwa na wengine. Kwanza muulizeni kama anataka kujifunza, kwa sababu kulazimisha si kusaidia. Akikubali, pangeni zamu: kila mama jioni moja kwa wiki, nusu saa tu. Kama anakosa pesa ya kuchaji simu, likelemba inaweza kutoa hiyo. Wasichana wetu wa shule wanajua simu kuliko sisi. Wapeni kazi hiyo, lakini wafundisheni kanuni moja: mikono mgongoni. Waeleze kwa mdomo, kidole kiwe cha mzee.

Mama mkwe alichukua wiki saba. Nilikuwa nimepanga tatu. Mara mbili alikasirika akaitupa simu mkekani akasema yeye ni mtu wa jembe. Kesho yake alikuwa wa kwanza kuketi. Mwezi uliopita alikwenda mwenyewe kwenye kabine, mjukuu akimshika mkono njiani tu. Alirudi na chumvi, sabuni, na kuku mmoja jike mweusi chini ya kwapa.

Nilimuuliza kwa utani, “Mama, namba mpya ni ipi, nisije nikasafiri tena?”

Akanitazama. “Mwalimu,” akasema, “ulinifundisha nisimwambie mtu.”

Siijui mpaka leo. Mtuletee habari za kikundi chenu kwenye mkutano ujao, za mafanikio na za kushindwa pia.