Uchunguzi Kabla ya Hukumu

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Wapenzi wasomaji, na khasa mama na dada zetu, wiki hii tunazungumzia jambo linaloweza kuonekana dogo kwa ukurasa huu: kujifunza kutambua maradhi ya vyombo vya umeme na kuvitengeneza. Ni nadra katika mitaa yetu kupata nyumba isiyo na chombo kilichonyamaza. Pasi chini ya kitanda, blenda juu ya kabati, redio iliyogeuka pambo. Kila Jumamosi baada ya sala ya Alasiri, nyuma ya madrasa yetu, hufunguliwa karakana ya mtaa. Watu huleta vyombo vyao, na mafundi wazee huwafundisha kuvitengeneza kwa mikono yao wenyewe. Tuliyoyaona humo yana mazingatio kwa kila familia.

Somo la kwanza karakanani si kushika bisibisi, bali ni kuuliza. Chombo kilikoma lini? Kilikoma ghafla au kilidhoofika kidogo kidogo? Kulisikika harufu ya kuungua? Stima ilikuwa imekatika ikarudi? Baada ya kuuliza hufuata kutazama na kunusa, kisha kupima kutoka nje kuelekea ndani: soketi, plagi, fyuzi, waya, swichi. Plagi zetu za miguu mitatu zina fyuzi ndani yake. Ikikatika hiyo, chombo kizima huonekana kimekufa. Hutiwa nyingine ya kipimo kile kile, wala haiongezwi nguvu. Na ikikatika tena, hiyo ni ishara kwamba ndani mna dhara inayopaswa kutafutwa.

Tuchukue mfano wa pangaboi, kwani joto la pwani halimwachi mtu akalisahau. Likiwashwa linanguruma lakini halizunguki. Nyumba nyingi hulisukuma kwa mpini wa ufagio, likaanza, na mambo yakaishia hapo hadi siku ya pili. Mwanafunzi wa karakana hufundishwa kuzima swichi kuu kwanza, kisha kulizungusha kwa mkono. Likiwa zito, beringi zake zimekauka au zimeshika kutu. Likizunguka kwa wepesi, basi mtuhumiwa wa kwanza ni kapasita, kidude kidogo kinachoipa mota msukumo wa kuanzia. Thamani yake imeandikwa ubavuni, kwa mfano mikrofaradi 2.5, na badala yake hununuliwa ya thamani hiyo hiyo kwa pesa kidogo mno ukilinganisha na bei ya pangaboi jipya. Na kama pangaboi halingurumi kabisa, maradhi hutafutwa kwanza kwenye njia ya umeme: swichi, kidhibiti cha mwendo na nyaya. Dalili tatu, sababu tatu. Anayehukumu bila ya kuzipambanua hupoteza mali.

Hapa ndipo karakana inapokutana na darsa. Mola wetu ametuamrisha katika Suratul Hujurat kwamba tukijiwa na habari na mtu fasiki tuichunguze, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga, kisha tukajuta. Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni kwa muuza nafaka hakutosheka na sura ya juu ya lundo, alitia mkono wake ndani, vidole vyake vikapata unyevu, na akamkemea mwenye mali kwa udanganyifu ule. Mtu aliyezoea kupima kabla ya kusema karakanani atakuwa karibu zaidi na kupima kabla ya kusema nyumbani, anapoletewa maneno juu ya mkewe, jirani yake au mwanawe.

Kutojua kuna gharama. Mama mmoja anayelea mayatima kwa kuuza sharubati alinyamaziwa na blenda yake Ramadhani ikiwa inabisha hodi. Dukani aliambiwa mota imeungua, anunue mpya. Karakanani ilizimwa na kuchomolewa, ikafunguliwa, na kipimio ambacho mafundi hukiita mita kikawekwa kwenye waya. Hakikulia: waya ulikuwa umekatika ndani kwa ndani karibu na plagi, mahali unapokunjwa kila siku. Ulikatwa kipande kile, ukaunganishwa upya, na mama akarudi kwenye kazi yake. Hatusemi kwamba kila fundi wa dukani ni mdanganyifu, hasha. Wengi wao ni watu wa amana. Tunasema kwamba asiyejua hana njia ya kumtofautisha mwaminifu na asiye mwaminifu.

Na lipo jambo zito kuliko pesa, nalo ni sitara. Simu ya mwanamke leo ni chumba chake cha ndani: mna picha zake akiwa nyumbani bila ya hijabu, mna siri zake na za mumewe. Simu isiyopokea chaji hukabidhiwa mtu asiyejulikana pamoja na neno lake la siri, ilhali mara nyengine maradhi yake ni vumbi na nyuzi za nguo zilizojazana kwenye tundu la chaji. Simu ikizimwa, uchafu huo hutolewa taratibu kwa kijiti cha meno. Inapolazimika kuipeleka kwa fundi, itolewe laini na kadi ya kumbukumbu, picha zihifadhiwe pengine na kufutwa humo, na ikiwezekana mwenyewe aketi pale pale hadi kazi iishe.

Kwa ajili hiyo tunawaomba wazazi wasiwazuie mabinti zao. Wapo wanaoona kwamba kazi hii si ya mwanamke, na wapo wanaochelea mchanganyiko. Wa pili hofu yao ni ya haki, na dawa yake ni kutenga siku ya wanawake peke yao, si kufunga mlango wa elimu. Kwa wa kwanza tunakumbusha kwamba Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111), katika Ihya Ulumuddin amehesabu tiba na hesabu, pamoja na kazi za mikono kama ukulima, ufumaji na ushonaji, kuwa ni fardhi kifaya. Wanawake wetu wanahitaji mwenzao wa kumkabidhi simu zao kama wanavyohitaji mkunga. Mtaa usio naye una upungufu, na jukumu la kuuondoa ni letu sote.

Elimu hii ina mipaka yake. Maikrowevu na televisheni za kale zenye mgongo mkubwa zisifunguliwe na mwanafunzi, kwani ndani huweza kubaki umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa. Betri ya simu iliyovimba isitobolewe wala isichajiwe. Na fundi asiyejua aseme sijui. Neno hilo ni nusu ya elimu, msikitini na karakanani.

Basi Jumamosi ijayo, teremsheni ile blenda juu ya kabati. Mchukueni kijana mmoja, wa kiume au wa kike, akae na fundi aulize na apime. Chombo kikipona, ni neema. Kisipopona, atarudi akijua kwa nini.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe elimu yenye manufaa, rizki ya halali na sitara duniani na akhera. Amin. Wabillahi tawfiq.