Jua la Mweru lina wenyewe

KUTOKA MWALONI
Na Zainabu Kasongo

Ukifika Kashikishi saa nne za asubuhi, tazama chini kabla hujatazama ziwa, la sivyo utakanyaga chakula cha mtu. Chisense, dagaa wa Ziwa Mweru, huwa wametandazwa mchangani, na kati yao kumeachwa vijia vyembamba vya kupitisha mguu mmoja mmoja. Mimi ni mzaliwa wa Kigoma, mama yangu kaanika dagaa Kibirizi miaka na miaka, lakini siku ile nilifanya kosa la mgeni. Niliona kipande cha uwanja hakina kitu, nikasimama hapo nipige picha.

Mama mmoja akaniita kwa Kiswahili cha Pweto, ng'ambo ya Kongo. "Mama, toka pale. Ile fasi haiko bule. Iko inangojea samaki."

Nikatoka haraka. Punde si punde kijana akapanda kutoka majini na beseni kichwani, akalimwaga, na yule mama akainama kuwatawanya samaki kwa kiganja, kidogo kidogo, asibaki hata mmoja aliyelaliwa na mwenzake. Uwanja niliouona mtupu ukajaa kabla sijamaliza kuomba radhi.

Maneno yake hunirudia kila ninaposoma habari za umeme wa jua nchini Zambia, na siku hizi habari hizo ni nyingi. Sababu inajulikana. Zaidi ya asilimia 80 ya umeme wa nchi hiyo ulikuwa ukitegemea maji. Mvua zikakata, na tarehe 29 Februari 2024 Rais Hakainde Hichilema akatangaza ukame kuwa janga la taifa. Maji ya bwawa la Kariba yakashuka, mgawo wa umeme ukawa mkali kiasi kwamba watu walihesabu saa za mwanga badala ya saa za giza. Aliyekuwa na mashine ya kusaga alilala mlangoni mwa mashine akisubiri. Baada ya hapo hakuna mwenye akili aliyebaki akiuliza kama Zambia inahitaji jua. Tarehe 30 Juni 2025 kituo cha megawati 100 kilizinduliwa Chisamba, na serikali ikatangaza mpango wa megawati mbili katika kila moja ya majimbo 156 ya uchaguzi. Nchelenge, jimbo la mkoa wa Luapula lenye mwalo wa Kashikishi, ni mojawapo.

Naunga mkono, na nalisema mapema ili nisieleweke vibaya. Mkoa wa Luapula una haki ya umeme huo kuliko wengi. Kuna kituo cha jua kinachoitwa Bangweulu, jina la ziwa la mkoa huo, lakini kituo chenyewe kiko Lusaka. Jina la ziwa lilitangulia mjini. Ni zamu ya taa kuja ziwani.

Swali langu ni dogo: paneli zitakaa wapi, na nani ataulizwa?

Tufanye hesabu kidogo. Kituo cha jua hula takriban hekta moja hadi mbili kwa kila megawati. Kile cha Garissa nchini Kenya, chenye uwezo wa megawati 50 na ushei, kimekaa juu ya hekta 85. Megawati mbili ni shamba la kawaida tu. Lakini akija mwekezaji wa megawati 100, tunazungumzia hekta zaidi ya 100, na pengine hadi 200, zilizosafishwa na kuzungushiwa uzio kwa miaka 20 au 25. Atatafuta ardhi tambarare, isiyo na kivuli, karibu na barabara, karibu na njia ya umeme, na ambayo ramani inaiita wazi.

Ardhi wazi! Kandoni mwa Mweru neno hilo litazamwe kwa jicho la pili. Sehemu tambarare yenye jua kali ndiyo inayoanikiwa samaki, na ndiyo inayoanikiwa muhogo uliotoka kulowekwa. Nyuma ya ufuko, pori unaloliona limesimama bure linaweza kuwa shamba lililopumzishwa, ambalo mwenyewe anajua mwaka atakaporudi. Muhogo nao hukaa ardhini mwaka, miwili, hata mitatu, majani yakizongwa na magugu; mpita njia huona kichaka, mwenye nyumba anajua hilo ndilo ghala lake. Humo humo wanawake huokota uyoga na kuni. Mthamini akija na daftari la kuhesabu mahindi yaliyosimama, ataandika sifuri na kuondoka na dhamiri safi.

Ndiyo maana kuna tathmini ya athari kwa mazingira. Zambia ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Namba 12 ya mwaka 2011, na wakala wake wa mazingira, ZEMA, ndiye anayetoa au kunyima kibali. Kanuni za tathmini za mwaka 1997 zilikwisha weka msingi: mwenye mradi atafute maoni ya jamii zitakazoguswa kabla hajakabidhi taarifa yake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1995 nayo inataka kibali cha chifu kwenye ardhi ya kimila, na inataka waulizwe wale ambao maslahi yao yataguswa. Kwenye karatasi, basi, mama yule wa Kashikishi anatambuliwa.

Shida ni kwamba karatasi huitisha mkutano saa nne za asubuhi.

Asiyekuwapo na lake halipo. Saa nne za asubuhi mvuvi wa chisense amelala, kwa kuwa usiku kucha alikuwa ziwani na taa zake. Mkewe, au mama aliyenunua samaki wake, yuko mchangani anageuza, akitupia jicho mawingu. Wingu moja likimwaga, mtaji wa wiki umeoza. Watakaokuja mkutanoni ni wale ambao asubuhi yao ina nafasi: maofisa, watu wa vyama, vijana wanaotafuta vibarua vya ujenzi, na wazee wachache waliofuata soda. Watasaini mahudhurio, picha itapigwa, na kwenye taarifa kutaandikwa kwamba jamii imeshirikishwa na imeupokea mradi kwa furaha.

Dawa yake haihitaji mshauri mwelekezi kutoka ughaibuni. Mtoto wa Kigoma yeyote ataieleza. Mwezi ukiwa mpevu, taa ya mvuvi haina kazi, kwa maana samaki hawaifuati, na mwalo unapumzika. Basi mkutano upangwe kwa mbalamwezi, tena alasiri, samaki wakishaanuliwa. Ofisi inayopanga vikao kwa kalenda ya ukutani pekee haijaamua bado kama inawataka wavuvi.

Kuna pia suala la lugha. Taarifa za tathmini huandikwa kwa Kiingereza, kurasa kwa mamia. Nchelenge inazungumza Kibemba, na mwaloni utasikia Kiswahili kutwa nzima, cha wachuuzi wanaovuka kutoka Pweto na Kilwa. (Msomaji wa pwani asishtuke: iko Kilwa ya Katanga, na iko Kilwa kisiwa ndani ya Mweru.) Wala lugha hii si mgeni wa jana. David Livingstone alipofika kwa mtawala wa Walunda, Mwata Kazembe, mwaka 1867 alimkuta Mohamed bin Saleh, mfanyabiashara Mwarabu aliyekuwa amekaa huko miaka mingi. Leo katika wilaya ya Nchelenge yapo makazi ya wakimbizi ya Mantapala, yaliyofunguliwa Januari 2018 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia mapigano ya Haut-Katanga na Tanganyika. Wao pia wanalima, wanatafuta kuni, wanapita njia zile zile. Tangazo la Kiingereza gazetini halitawafikia. Muhtasari wa kurasa tano, kwa Kibemba na kwa Kiswahili, ukasomwa redioni na sokoni, utawafikia.

Tukiulizana kwa nini nasumbuka na mambo ya muda na lugha, jibu liko Lamu. Tarehe 26 Juni 2019 Baraza la Rufaa la Mazingira la Kenya lilifuta leseni ya mazingira ya mradi wa umeme wa makaa ya mawe. Mikutano ilikuwa imefanyika, hilo halikubishaniwa sana. Kasoro ilikuwa kwamba watu waliitwa mapema, kabla athari hazijachunguzwa, wakaelezwa kwamba mradi mzuri unakuja. Utafiti ulipokamilika na madhara kujulikana, hawakurudiwa ipasavyo. Yaani waliulizwa kama wanapenda chakula kabla ya kuonyeshwa sahani.

Utaniambia makaa ni makaa na jua ni jua. Sawa. Lakini upepo pia hauna moshi. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, mitambo 365 na megawati 310, ulichukua ekari 150,000, na Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru ikaamua kwamba hati za ardhi hiyo zilipatikana bila kufuata utaratibu wa kisheria. Mitambo ilikuwa inazunguka tayari. Usafi wa umeme hauisafishi hati.

Na jua lenyewe lina maswali yake ya kimazingira, hasa kando ya ziwa. Utafiti umeonyesha kwamba wadudu wa majini huuona mng'ao wa paneli kama uso wa maji na kutaga mayai juu yake, yakafa. Ziwa huishi kwa wadudu hao, kwa hiyo umbali kati ya paneli na maji ni jambo la kupimwa, si la kukadiriwa kwa macho. Paneli huoshwa: maji ya kuoshea yatatoka kisima gani? Na kubwa zaidi ni udongo. Hekta 100 zikivuliwa majani, mvua ya kwanza itaubeba udongo hadi kwenye vijito, na vijito hadi kwenye maji ya kina kifupi ambako samaki huzaa.

Hapa nina pendekezo ambalo sijaona mtu akilitoa. Kila mwaka, tangu mwanzo wa Desemba hadi mwisho wa Februari, serikali hufunga uvuvi ili samaki wazaliane. Mvuvi hukunja nyavu, watoto hula muhogo kwa mboga ya majani, na akikaidi anakamatwa. Basi tingatinga nalo lifungwe miezi hiyo mitatu. Kama mazalia ya samaki ni matakatifu kiasi cha kumlaza mvuvi na njaa, hayawezi kuwa halali kwa udongo wa mkandarasi. Sharti hilo liandikwe kwenye kibali, pamoja na mitaro na madimbwi ya kunasa tope, na mtu wa kwenda kukagua mvua ikinyesha, asisubiri kiangazi.

Wako watakaosema chifu akishasaini inatosha. Kwa heshima zote kwa wakuu wa nchi ile, nawakumbusha simulizi yao wenyewe. Nkuba, mkuu wa Washila, alimuua mtoto wa dada yake, Nachituti. Mama huyo akaenda kwa Mwata Kazembe kulipiziwa kisasi, na Nkuba alipouawa, Nachituti akamkabidhi Kazembe kikapu cha udongo na chungu cha maji, nchi na ziwa kwa pamoja. Husimuliwa kama zawadi kubwa, na ni zawadi kubwa kweli. Ila mimi, binti wa mwanika dagaa, kila nikiisikia hujiuliza: waliokuwa wakivua katika maji yale siku ile, nani aliwaambia? Kikapu kilibebwa na mtu mmoja. Saini ya leo ni kikapu kile kile, isipokuwa ni chepesi zaidi kubeba.

Na wako watakaosema haya yote ni ucheleweshaji, na nchi iliyoonja giza la 2024 haina muda wa kungoja mbalamwezi. Hoja hii naiheshimu, kwa sababu giza lile liliua biashara za wadogo kabla ya wakubwa. Lakini mwezi mpevu huja kila baada ya siku 29 na nusu. Hakuna kesi ya ardhi iliyomalizika kwa siku hizo. Atakayetembea na wanawake wa mwaloni kuizunguka mipaka ya eneo lake, wakamwonyesha njia, mashamba yaliyolala na viwanja vya kuanikia, atahamisha uzio kwenye ramani kwa kalamu. Asiyefanya hivyo atauhamisha kwa amri ya mahakama.

Nilirudi kwa yule mama jioni, samaki wakianuliwa. Nikamweleza habari za vioo vinavyonyonya jua na kutoa umeme. Hakushangaa hata kidogo. Alinionyesha kipaneli kidogo juu ya bati la kibanda chake, kinachochaji simu. Jua analifahamu, analitumia mara mbili tayari. Akachota kiganja cha chisense, akapepeta mchanga kwa kuwarusha juu kidogo, akanitazama.

"Ile malaiti yao," akauliza, "itabakia hapa, ao itapita tu juu ya kichwa?"

Ukurasa wa kwanza wa tathmini yoyote itakayoandikwa Nchelenge uanze na swali hilo, na jibu lake lisainiwe.