Zabuni ya usafi haiokoi bajeti ya shule

Bajeti ya shule inapopungua, pendekezo la kwanza kufika mezani huwa lilelile: walimu wabaki, lakini usafi, upishi, ulinzi na matengenezo ya majengo wapewe wazabuni. Linasikika kuwa la busara. Kazi ya shule ni kufundisha, si kupiga deki. Kampuni ina mashine, ina wataalamu na hununua sabuni kwa jumla. Basi itafanya kazi ileile kwa fedha kidogo. Bodi za shule za Marekani na halmashauri za Uingereza zimeishi na imani hiyo kwa zaidi ya miaka 30. Ni imani potofu. Mara nyingi fedha inayotangazwa kuwa imeokolewa imetoka mfukoni mwa anayeshika fagio, au imegeuka kazi ya ziada ya mwalimu, au itarudi kudaiwa mkataba wa pili utakapoandikwa.

Gharama ya usafi, kwa sehemu kubwa, ni mshahara. Sabuni, dawa ya choo, mifagio na ndoo ni kiasi kidogo, na punguzo la kununua kwa jumla haliwezi kubeba ahadi kubwa zinazoandikwa kwenye zabuni. Hesabu yenyewe haihitaji mhasibu. Chukulia shule ya Dar es Salaam yenye wasafishaji wanne, kila mmoja akilipwa shilingi 200,000 kwa mwezi. Jumla ni 800,000. Kampuni ikiwachukua watu walewale kwa mshahara uleule, itaongeza gharama za msimamizi, ofisi na faida. Hata zikiwa asilimia 20 tu, bili inafika 960,000. Juu yake kuna kodi ya ongezeko la thamani (VAT), ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18, na jumla inakuwa 1,132,800. Shule inapomlipa msafishaji wake yenyewe, mshahara hautozwi VAT. Inapolipa ankara ya kampuni iliyosajiliwa, kodi imo ndani, na shule haina namna ya kuirejesha kwa kuwa elimu ni huduma iliyosamehewa VAT.

Sasa kampuni hiyo iahidi kwamba bili haitazidi zile 800,000 za awali. Ukitoa kodi, faida na gharama za ofisi, fedha inayobaki kwa mishahara ni kama 565,000. Haiwatoshi hata watu watatu. Vyumba vya madarasa havijapungua, vyoo ni vilevile, watoto ni walewale. Kampuni inayoahidi unafuu mkubwa kwenye kazi ya mikono ina njia mbili tu za kuutimiza: ipunguze watu na saa zao, au ishushe mshahara.

Uingereza ilizipita njia zote mbili. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1988, iliyopitishwa wakati wa Waziri Mkuu Margaret Thatcher, ilizilazimisha halmashauri kushindanisha kwa zabuni kazi kadhaa, usafi wa majengo na chakula cha shule zikiwemo. Halmashauri ya North Yorkshire ilikuwa na wanawake waliopika na kugawa chakula shuleni. Tathmini ya kazi ilikwishaonyesha kwamba kazi yao ina thamani sawa na ya wanaume wa halmashauri hiyohiyo, kama watunza bustani na wazoa taka, na mishahara ikasawazishwa. Zabuni zilipoitishwa, halmashauri ilipoteza eneo moja kwa kampuni iliyolipa wafanyakazi wake kidogo. Ili isipoteze mengine, iliwaachisha kazi wale wanawake kisha ikawaajiri upya kwa mshahara wa chini. Wanaume walibaki na mishahara yao. Kesi ilifika hadi Baraza la Malordi, lililokuwa mahakama ya juu wakati huo, na mwaka 1995 wanawake wakashinda: majaji walikataa hoja kwamba ushindani wa soko unahalalisha kumlipa mwanamke pungufu kwa kazi yenye thamani sawa.

Kesi hiyo ingepaswa kusomwa kabla ya kila kikao cha zabuni, maana inaeleza fedha ilikotoka. Hapakuwa na mashine mpya wala ujuzi mpya wa kupika. Palikuwa na wanawake walewale na sufuria zilezile, na bahasha ya mshahara iliyopunguzwa. Sharti la zabuni za lazima lilifutwa mwaka 2000, lakini imani iliyolizaa haikufutwa nalo.

Chicago, nchini Marekani, ndiko imani hiyo ilikojaribiwa kwa kiwango kikubwa, na ni vema kuitazama kwa karibu. Mwaka 2013 jiji lilifunga shule 50 hivi kwa mara moja, huku viongozi wakitaja upungufu wa fedha na madarasa yasiyojaa. Februari 2014 Bodi ya Elimu ikapitisha mikataba miwili ya usafi ya miaka mitatu: kampuni ya Aramark kwa dola milioni 260 na SodexoMAGIC kwa dola milioni 80. Baadhi ya wasafishaji wa shule hizo walikuwa tayari wa kampuni binafsi. Jambo jipya lilikuwa usimamizi wote wa usafi kutoka mikononi mwa shule. Walimu wakuu waliambiwa wanatuliwa mzigo, wabaki na masomo.

Muhula wa vuli ulipoanza mwaka huohuo, walimu wakuu walianza kuripoti vyoo vichafu, mapipa yaliyofurika, panya na mende. Walieleza jinsi wao na walimu walivyokuwa wakishika ufagio wenyewe. Septemba, malalamiko hayo yakiwa bado yanamiminika, ilitangazwa kwamba wasafishaji zaidi ya 400 wangepunguzwa. Mzigo walioambiwa wametuliwa ulikuwa umewarudia mgongoni, safari hii bila mamlaka ya kuupangia watu.

Hali haikutulia kwa kuwa kampuni imezoea majengo. Mwaka 2018 gazeti la Chicago Sun-Times lilichapisha matokeo ya ukaguzi wa usafi katika shule 125 za jiji. Shule 91 zilikuwa zimeshindwa. Wilaya ya elimu ya jiji ikalazimika kuahidi wasafishaji zaidi, yaani kununua upya mikono ileile ambayo kupunguzwa kwake ndiko kulikoitwa ufanisi.

Watetezi wa zabuni husema Chicago iliandika mkataba mbaya, na kwamba mkataba mzuri ungetibu kila kitu. Hawaijui kazi yenyewe. Saa nne asubuhi choo cha wasichana ghorofa ya pili kimeziba na maji yanatambaa kuelekea ngazi. Msafishaji wa shule, aliyezunguka jengo hilo miaka kumi, anajua koki ya kufunga iko nyuma ya mlango gani, na kwamba lazima izungushwe nusu tu kwa sababu imechakaa. Anaifunga, anapiga deki, anaweka kiti mlangoni ili watoto wasiteleze. Dakika kumi zimepita. Darasani mtoto wa darasa la kwanza ametapika. Mwalimu anamtuma mtoto mwingine amwite msafishaji yuleyule. Hakuna katika hayo kinachopangiwa ratiba. Mkataba wa kampuni unataja mita za mraba, idadi ya vyumba na mara ngapi kila chumba kisafishwe kwa wiki. Kisichotajwa ni kazi ya ziada yenye ankara yake, au ni simu kwa msimamizi anayehudumia shule nane na yuko ya sita. Mwalimu mkuu hawezi kumwamuru mfanyakazi ambaye bosi wake yuko kwingine. Kila kampuni inapobadilisha watu, na kwa mishahara ile hubadilisha mara kwa mara, habari za ile koki huondoka pamoja na aliyekuwa akizijua.

Kuna hoja nyingine, nayo husemwa kwa sauti ya chini: wafanyakazi wa shule ni wavivu, wengine ni ndugu za wakubwa, na kampuni ndiyo itakayowanyoosha. Wavivu wapo, na upendeleo upo. Lakini uongozi ulioshindwa kumsimamia msafishaji mmoja anayeonekana kila asubuhi utaisimamiaje kampuni yenye mawakili na mkataba wa kurasa mia? Kumsimamia mzabuni ni kazi ngumu zaidi. Inadai mkaguzi anayejua usafi, muda wa kupita shuleni na mtu wa kulinganisha ankara na kazi iliyofanyika. Mishahara ya watu hao haiandikwi kwenye jedwali la fedha zitakazookolewa. Wasipoajiriwa, anayekagua kazi ya kampuni ni kampuni yenyewe.

Tena kampuni hufa, na shule haziwezi kufa nayo. Tarehe 15 Januari 2018 kampuni ya Carillion ya Uingereza iliingia kwenye ufilisi, ikiwa na madeni ya karibu pauni bilioni 7 na fedha taslimu pauni milioni 29 tu. Ilikuwa ikihudumia shule 230 hivi na kutoa milo 32,000 ya shule kwa siku. Katika jimbo la Oxfordshire kikosi cha zimamoto kiliwekwa tayari kupeleka chakula kwa watoto. Miaka ya nyuma shule hizo zilikuwa na wapishi walioajiriwa na halmashauri. Siku ya msiba tegemeo lao la dharura lilikuwa gari la kuzima moto.

Tanzania ilionja tatizo hilo kutoka upande wa pili. Katika miaka ya 2010 wazabuni wa chakula wa shule za bweni za serikali walidai malimbikizo, baadhi wakasitisha kupeleka unga na maharage, na kuna shule zilizowarudisha wanafunzi nyumbani. Mzabuni hana kosa kudai haki yake. Ila mpango uliobuniwa kwa ajili ya bajeti finyu ndio wa kwanza kukatika bajeti inapokuwa finyu kwelikweli.

Zipo kazi ambazo shule inapaswa kuzikodi. Gari la kunyonya majitaka, fundi wa lifti, ukaguzi wa mfumo wa umeme: hizo huja mara moja moja, zina vifaa ghali, na hakuna shule inayohitaji kumweka fundi wa lifti mwaka mzima. Bajeti ikipungua kwa kweli, pia zipo hatua zisizomnyang'anya mtu riziki. Shule jirani zinaweza kununua sabuni na rangi kwa pamoja na kupata lile punguzo la jumla bila kumlipa dalali. Halmashauri inaweza kuwa na mafundi wake wawili watatu wa bomba, umeme na useremala wanaozunguka shule zote. Hatua hizo hazileti tangazo kubwa la mamilioni yaliyookolewa, na labda ndiyo maana hazipendwi.

Bodi inayoletewa zabuni ya usafi, upishi au ulinzi isianze na bei. Idai ukurasa mmoja unaoonyesha watu wangapi watafanya kazi hapa, kwa saa ngapi, kila mmoja atalipwa kiasi gani, na leo wako wangapi. Mzabuni anayekataa kuujaza asipewe kazi.