Hedhi ikikata kwa sindano, damu inakwenda wapi?

Swali hilo niliulizwa sokoni Mlandege, hapa Iringa, na mama mmoja muuza vitunguu ambaye nimekuwa mteja wake kwa muda sasa. Ana miaka 44 na watoto wanne, mkubwa ameshamaliza kidato cha nne. Tulipomaliza kusalimiana, kamwene kwa kamwene, akanivuta nyuma ya magunia na kushusha sauti.

"Mwanangu, wewe si unaandika mambo ya afya? Hebu niambie, ile damu ya mwezi ambayo haitoki ukichoma sindano, inakwenda wapi?"

Alikuwa ametumia sindano ya uzazi wa mpango, ile ya miezi mitatu, kwa karibu miaka sita. Mwanzoni aliona matone matone yasiyo na mpangilio, baadaye hedhi ikakata kabisa. Yeye hakuona shida, tena alifurahi maana kukaa sokoni kutwa nzima ukiwa kwenye siku zako si mchezo. Mpaka shoga yake alipomwambia kwamba damu hiyo inajaa tumboni, inaganda, na mwisho inakuwa uvimbe. Mume naye akaongeza la kwake, kwamba mwanamke asiyeona siku zake hana afya. Mama akaacha kuchoma.

Miezi kadhaa baadaye hedhi ilirudi, na ilirudi kwa fujo. Siku nane mfululizo, pedi mbili kwa pamoja usiku, na mabonge. Wakati ananiuliza swali lake alikuwa tayari anahema akipandisha kilima kwenda nyumbani, na alikuwa ameanza tena kutafuna udongo, jambo ambalo hakulifanya tangu ujauzito wa mtoto wa mwisho. Nilimsihi aende kupima kabla sijamjibu chochote. HB yake ilisoma 8.2.

Nianze na swali lenyewe. Damu hiyo haiendi popote, kwa sababu haikuandaliwa. Kila mwezi homoni za mwanamke hujenga utando laini ndani ya mfuko wa uzazi, kama kitanda cha kupokea mimba. Mimba isipotungwa, utando ule hubomoka na kutoka pamoja na damu. Ndiyo hedhi. Sindano huzuia yai kupevuka na pia huufanya utando ubaki mwembamba, hivyo panakuwa hakuna cha kubomoka. Shamba ambalo halikupandwa msimu huu huwezi kuuliza mavuno yake yamefichwa wapi. Damu yako iko palepale ilipokuwa siku zote, kwenye mishipa, inazunguka.

Na hili halimpati mmoja mmoja. Karibu nusu ya wanaotumia sindano ya miezi mitatu hukatika hedhi ndani ya mwaka mmoja, na idadi huongezeka mwaka wa pili. Hedhi hiyo hurudi ukiacha, ingawa inaweza kuchukua miezi mingi.

Sasa tuje kwenye hiyo HB. Himoglobini ni kitu chekundu ndani ya chembe za damu kinachobeba hewa ya oksijeni kutoka kwenye mapafu na kuipeleka mwilini kote. Mwili huitengeneza kwa madini ya chuma. Kila damu inapotoka, chuma nacho kinatoka. Mwanamke anayepoteza zaidi ya mililita 80 kwa hedhi moja, yaani kama theluthi ya kikombe cha chai, huhesabiwa kuwa anatoka damu nyingi. Inaonekana kidogo, lakini mwili hufyonza chuma miligramu moja hadi mbili tu kwa siku kutoka kwenye chakula. Mwezi mzima wa kula unaweza kuishia kwenye hedhi moja nzito, na mwezi unaofuata hali ni hiyohiyo. Akiba inakwisha kimyakimya.

Ndiyo maana habari ambayo wengi mtaani wanaisema kinyume iko hivi: njia za homoni, kwa sehemu kubwa, hulinda damu. Uchambuzi mmoja uliochapishwa mwaka 2017, uliotumia takwimu za utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa Tanzania, ulionyesha kuwa wanawake waliowahi kutumia njia za homoni walikuwa na uwezekano mdogo wa kuwa na upungufu wa damu kuliko ambao hawajawahi. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi peke yake kwamba dawa ndiyo sababu. Anayetumia uzazi wa mpango pia hupata mimba chache, na kila mimba na kila uzazi hula akiba ya chuma. Lakini njia zote mbili zinaelekea upande mmoja.

Na nchi yetu ina sababu ya kulijali hili. Utafiti huo wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta wanawake 45 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Ule wa 2022 ulikuta 42. Malaria na minyoo vina mchango wake, chakula kina wake, ila hedhi nzito ndiyo isiyotajwa mezani.

Njia hazifanani, na hapa naomba usome taratibu. Vidonge vya homoni mbili hupunguza damu ya hedhi, mara nyingi kwa karibu nusu. Katika pakiti nyingi za vidonge 28, vile 7 vya mwisho vyenye rangi ya kahawia ni vya madini ya chuma. Kuna wanaovitupa wakidhani ni vya bure. Usivitupe. Kijiti cha mkononi kina tabia ya kuvuruga ratiba. Wengine hedhi hupungua au hukata, wengine huona matone kwa siku nyingi, na anayeona siku nyingi mno arudi kituoni kwa sababu yapo matibabu. Kitanzi ndicho kinachochanganya watu. Kile cha homoni hupunguza damu sana. Kile cha shaba, ambacho hakina homoni kabisa, kinaweza kuongeza hedhi, hasa miezi ya mwanzo. Ni njia nzuri na ya miaka mingi, lakini kama tayari HB yako iko chini au hedhi yako ni nzito, mwambie mtoa huduma kabla hajakiweka.

Umri una neno lake pia. Kuanzia miaka ya arobaini homoni huanza kuyumba kuelekea kukoma hedhi, na hedhi inaweza kuwa nzito au ya kurukaruka. Uvimbe kwenye kizazi nao huwapata wengi katika umri huo, na hakuna ushahidi kwamba sindano ndiyo inayouleta. Kwa hiyo mama wa miaka 44 anapoanza kutoka damu nyingi, asiishie kulaumu au kusifia njia ya uzazi wa mpango. Achunguzwe kizazi, na apimwe saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza kati ya saratani za wanawake hapa nchini. Damu inayotoka baada ya tendo la ndoa, au baada ya hedhi kukoma mwaka mzima, ni ya kwenda hospitali wiki hiyohiyo. Tena apimwe shinikizo la damu, maana mwenye presha ya juu hapewi vidonge vya homoni mbili.

Kuna jambo la kwetu huku nyanda za juu ambalo hata mimi nilishangaa nilipolisoma. Kiwango cha kawaida kwa mwanamke asiye mjamzito ni gramu 12 kwa desilita au zaidi. Lakini hicho ni kwa watu wa ukanda wa chini, tuseme Dar es Salaam au Tanga. Ukiishi juu, hewa ni nyepesi na mwili hutengeneza himoglobini zaidi ili kufidia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 unasema anayeishi kati ya mita 1,500 na 1,999 kutoka usawa wa bahari apunguziwe gramu 1.1 kabla ya kusoma jibu lake. Mji wa Iringa na jiji la Mbeya yote yamo humo. Ile 8.2 ya mama wa vitunguu, ukiitoa 1.1, inabaki 7.1, na chini ya 8 ni upungufu mkali. Karatasi ya maabara inaweza isiseme hivyo. Uliza.

Kuhusu udongo: hamu ya kutafuna udongo, mchele mbichi au barafu mara nyingi ni dalili kwamba chuma kimepungua, na udongo wenyewe unaweza kuzuia chuma kufyonzwa. Dalili inaongeza ugonjwa. Chai nayo, najua nasema hivi katika mkoa wenye mashamba ya Mufindi, lakini chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia chuma. Isubiri saa moja hivi. Maharage na majani ya maboga kula na limao au chungwa, na dagaa au nyama unapoweza. Juisi ya bitiruti ni tamu, ila HB ya 8 haipandi kwa bitiruti.

Inapanda kwa dawa. Mama alipewa vidonge vya FEFO, akaambiwa avimeze kwa maji, si kwa chai wala maziwa, na asishtuke choo kikiwa cheusi. Aliambiwa pia kuwa HB ikirudi sawa asiache hapohapo, aendelee kama miezi mitatu ili kujaza akiba. Uchunguzi ulikuta uvimbe mdogo kwenye kizazi, si wa kutisha, unafuatiliwa. Presha yake iko sawa. Alizungumza na muuguzi kuhusu njia zote na akachagua kurudi kwenye sindano. Safari hii alikwenda na mume wake, ambaye aliuliza maswali mengi kuliko yeye.

Wiki iliyopita nilipita kununua vitunguu. HB imefika 10.4 na udongo ameupunguza, hajauacha. Alikuwa na swali jingine: hedhi ikikata tena kwa sindano, atajuaje kwamba umri umefika na imekoma yenyewe?

Hatajua kwa kuangalia. Sindano inaficha dalili hiyo, na kwa miaka 44 bado anaweza kushika mimba hata akijiona mtu mzima. Ushauri wa kawaida ni kwamba anayetumia njia isiyo na homoni anaweza kuacha baada ya mwaka mmoja bila hedhi kama amevuka miaka 50, au miaka miwili kama hajafika 50. Anayetumia sindano, akifika hamsini, akae na mtoa huduma waangalie njia nyingine, kwa sababu sindano ikitumiwa muda mrefu hupunguza kidogo uimara wa mifupa. Nilimwambia ana miaka sita ya kulifikiria. Akanipimia kilo mbili na kuniongezea vitunguu viwili juu.